Aliyeshika Kamba ya Pulchérie

Mdogo wangu Pulchérie ana miaka arobaini na mmoja, binti mmoja, mgongo mbovu, na kichwa kigumu kuliko majabali anayoyapanda. Naanza na mgongo kwa sababu ndio uliotuletea yote haya. Miaka tisa amefanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Etobicoke, Kanada: kunyanyua, kugeuza, kuogesha, kuvalisha soksi. Mzee wa kilo tisini akitaka kwenda chooni hangoji mtu akalete mashine. Daktari alipomwambia aimarishe misuli ya mgongo, mtu mwingine angenunua mkeka na kujinyoosha sebuleni. Yeye akaenda kwenye jumba moja ambako watu wazima wenye akili zao hupanda kuta kwa kamba, na akarudi nyumbani anacheka peke yake mpaka nikamnusa mdomo.

Mimi ni dada yake mkubwa, watu huniita Mama Brice. Tunaishi jengo moja, yeye ghorofa ya nne na mimi ya kumi na moja, na haipiti siku bila mmoja kubisha hodi kwa mwenzake. Kwa hiyo mengi ninayoyasema nimeyaona mwenyewe.

Mwanzoni nilimcheka, sifichi. Sisi tumezaliwa kwenye vilima vya Bururi, Burundi, tukakulia kambini Kigoma. Vilima tumevipanda na ndoo kichwani, tumevipanda na kuni mgongoni, tumevipanda usiku tukikimbia. Kambini, mwanamke akivuka mpaka wa kambi kutafuta kuni bila kibali, akikutwa hupigwa, na Pulchérie alishapigwa. Sasa mtu atoke huko, afike Kanada, halafu apande mlima kwa hiari yake bila hata mzigo wa kurudi nao? Nilimwuliza hivyo hivyo.

"Dada, hiyo ndiyo raha yake," akanijibu. "Hakuna mzigo, na hakuna wa kuniuliza kibali."

Nikamwacha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikasema moyoni, nasi tutaliona hilo guu.

Lakini mambo yalibadilika pale kazi ilipoingia. Shirika moja dogo la kuwasaidia wageni lilikuwa linatafuta mwanamke wa kuwapeleka porini akina mama waliofika karibuni, kutembea na kupanda majabali madogo, waache kukaa ndani wakilia mbele ya simu. Kazi ya mshahara, siku nne kwa wiki, kuanzia Juni ya mwaka huu. Walimtaka Pulchérie. Anajua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na anajua kambi inavyomfanya mtu. Sharti lilikuwa moja: awe na cheti cha kuongoza wengine kwenye mwamba, na mtihani wake ulikuwa mara moja tu kwa mwaka, Mei. Akishinda, anaaga kunyanyua wazee. Akishindwa, kazi inapewa mwingine na mgongo unaendelea kuisha.

Mtihani wa mwamba haufanywi peke yako. Mmoja anapanda, mwenzake anabaki chini ameshika kamba, akiilegeza kidogo kidogo. Aliye juu akiteleza, mkono wa aliye chini ndio unaomzuia asianguke. Kwa hiyo Pulchérie alihitaji mtu wa kumshikia kamba, na hapo ndipo shida zilipoanza, kwa sababu alimtafuta kwenye kanisa letu.

Mwaka jana Aprili, theluji ilipokwisha kuyeyuka, aliwaalika akina mama wa kanisani kwenye matembezi. Aliwaeleza vizuri kabisa: njia ya kilomita sita, viatu vya kamba, maji, chakula. Tulikwenda kumi na wanne. Tulikwenda na sketi ndefu, Biblia na ngoma, na hakuna aliyekuwa ametia kitu mdomoni, maana kwetu mlima haupandwi na tumbo lililojaa. Kwa watu wa Burundi na wa Kongo ya mashariki, mlimani ni mahali pa kumtafuta Mungu. Unapanda umefunga, unalia huko juu, unashuka na jibu lako. Pulchérie alisema nasi mpaka sauti ikamkauka. Kwenye kilomita ya pili tukaona ukingo wa jabali wenye upepo mzuri, tukapiga magoti, na ngoma ikaanza. Baada ya saa nzima wakaja walinzi wa hifadhi mbio na machela, kwa sababu mtu alikuwa amepiga simu kwamba kuna wanawake wanapiga mayowe juu ya jabali, huenda wameanguka. Pulchérie alibaki anawaeleza kwa Kiingereza kwamba hakuna aliyeumia, wanaomba tu. Alipofika nyumbani alivitupa viatu bafuni na hakusema nami siku mbili.

Aliyerudi wiki iliyofuata alikuwa mmoja tu, Mélissa. Huyu ni mwanamke wa Bukavu, wa rika la Pulchérie, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Hasemi sana. Ana mikono ya mtu aliyefua na kutwanga maisha yake yote, na tangu siku ya kwanza alishika kamba kana kwamba kuna mtoto wake upande wa pili. Yeye mwenyewe hakutaka kupanda. "Miye ni mtu ya chini," alikuwa anasema. Alijifunza vifungo vyote, akapata kadi yake ya kushika kamba, na mwaka mzima walikuwa wawili, Jumamosi kwa Jumamosi.

Mwaka huu, ulipobaki mwezi mmoja, kila kitu kikagoma. Jumamosi ya kwanza ya Aprili theluji ilirudi. Ya pili ikanyesha mvua ya mawe, na mwamba ukawa unateleza kama sabuni. Ya tatu walikwisha kufika kwenye kituo cha basi na mabegi yao, kazini wakampigia Pulchérie simu kwamba wawili wameugua, aje. Ya nne jua liliwaka na vijinzi vyeusi vikatoka matopeni kwa maelfu, vikamng'ata shingo na masikio mpaka uso ukavimba, akarudi haoni vizuri jicho la kushoto. Binti yake Iteka, mwenye miaka kumi na minne, alimwangalia akasema, "Mama, it's just a rock." Pulchérie alikwenda chumbani akafunga mlango, nami nikasikia anapiga godoro kwa ngumi.

Karatasi ya mtihani alikuwa ameibandika kwenye friji. Mwalimu aliyekuwa atawapima alikuwa Mwirani mmoja aitwaye Reza, na alikuwa amewaandikia mambo ambayo kiongozi lazima awaulize watu wake kabla ya mtu yeyote kuinua mguu. Jioni alikuwa ananifanyia mazoezi mimi, nikiwa nakata mboga. "Umelala vizuri? Umekunywa maji? Kuna dawa unatumia?" Akifika kwenye swali la chakula alikuwa anacheka na kuliruka.

"Hili la kumwuliza mtu mzima kama amekula, Dada, mdomo wangu unakataa."

Nami nilimwelewa, kwa sababu wangu pia ungekataa. Kwetu mgeni haulizwi kama amekula. Unapakua, unaweka mbele yake, basi. Ukimwuliza, ama unamwambia kwamba anaonekana ana njaa, ama unatafuta sababu ya kumnyima. Mama yetu angetupiga mwiko. Nikamwambia aliruke, Reza hatajua.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Pulchérie alikuwa ameniomba jambo moja: "Haya ya mtihani usiyapeleke kanisani." Nikamwambia sawa. Jumatano ile, kwenye maombi ya akina mama, kiongozi akauliza nani ana hitaji, na mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema yote: mgongo, kazi, mtihani wa Jumamosi. Nilikuwa nimechoka kumwona analia kwa sababu ya mvua, na mimi dawa ninayoijua ni hiyo. Tukaomba, tukatoka. Sikujua kwamba Mélissa, aliyekuwa amekaa nyuma, alikuwa amelibeba hitaji lile peke yake.

Nilijua kesho yake. Alhamisi alikuja kwangu kusukwa. Nikampa chai ya maziwa na chapati. Akashukuru, akaiweka chai kando, na nilipomaliza mistari yote kichwani mwake, chai ilikuwa imefanya utando. Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini ameipaka mafuta ing'ae, na uso ameunawa vizuri, kama Maandiko yanavyosema afanye mtu anayefunga kwa siri. Mimi nimefunga mara nyingi, naijua sura hiyo. Nikahesabu: Jumatano jioni mpaka Jumamosi jioni. Mfungo wa Esta, siku tatu bila chakula wala maji, ule unaofungwa wakati jambo ni la kufa na kupona.

Nilinyamaza. Mfungo wa mtu ni kati yake na Mungu, na anayeutangaza anauharibu. Tena nitaje lote: nilifurahi. Nilimsuka nikisema moyoni, sasa Pulchérie hawezi kushindwa.

Ijumaa jioni Pulchérie aliniuliza, "Mélissa umemwona? Jana hakuja kwenye mazoezi. Hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Jumamosi niliwapeleka na gari langu, kwa sababu basi halifiki huko. Ni mwendo wa saa moja magharibi mwa jiji, kwenye majabali ya chokaa yaliyosimama juu ya mashamba. Asubuhi ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka huu. Miti ilikuwa imeanza kutoa majani madogo, maua meupe yamejaa chini yake, na kwenye nyufa za mwamba bado kulikuwa na theluji chafu iliyosahaulika. Watahiniwa walikuwa watano, kila mmoja na mwenzake. Nilikuwa nimepika maharage na ndizi, sufuria nzima, ya kula baadaye kwa kusherehekea.

Reza alikuwa mtu mwembamba mwenye mvi, hacheki ovyo. Aliwaambia, "Sijali sana mnavyopanda. Nataka nione mnavyoangalia watu wenu." Kisha akakaa juu ya jiwe na karatasi zake.

Pulchérie alianza vizuri. Alikagua mikanda, alikagua vifungo, alimwuliza Mélissa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ili Reza asikie, kama amelala na kama ana dawa. Alitaja maji, Mélissa akainua chupa yake ikiwa imejaa, na hakuna aliyeangalia kama imefunguliwa. Halafu Pulchérie akatoa andazi kwenye mfuko, akamwekea mkononi. Hakuuliza kitu, kama mama yetu alivyotufundisha. Mélissa akalipokea kwa mikono miwili, akalifunga kwenye karatasi. "Nitakula," akasema. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale nimekaa kwenye kiti changu. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Mdogo wangu akapanda. Nilikuwa sijawahi kumwona akipanda mwamba wa kweli, nilikuwa namwona tu kwenye simu. Anaweka kidole mahali ambapo mimi naona hakuna kitu, anasimama juu ya ukucha wa jiwe, anafikiri, anakwenda. Ule mgongo unaomfanya aviringike kitandani asubuhi ulikuwa umenyooka kama wa msichana. Alifika juu ya miti. Nilijikuta nimesimama, na kwa mara ya kwanza nilielewa alichokuwa ananiambia miaka yote. Nilitamani ashinde kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote katika nchi hii.

Ndipo magoti ya Mélissa yalipokunjika.

Hakulia wala hakuita. Alishuka chini polepole, na mkono wake ukalegea kwenye kamba. Kamba ikakimbia. Pulchérie alikuwa amenyoosha mkono kushika mahali pa juu, akateleza wakati huo huo, akaja chini. Alianguka mita mbili, labda na nusu. Reza alikuwa amesimama nyuma ya Mélissa na mkia wa kamba mikononi, kama afanyavyo kwa kila mtahiniwa, na yeye ndiye aliyeizuia. Goti la Pulchérie lilipiga mwamba, nikausikia mlio wake, kisha akabaki ananing'inia, anazunguka.

Reza alimshusha. Pulchérie aliifungua kamba, akamkimbilia Mélissa akichechemea, akampakata kichwa. Mélissa alifungua macho. Reza akamletea chupa ya maji, Mélissa akageuza uso pembeni.

"Hapana. Ingali masaa," akasema. "Mpaka saa kumi na mbili ya magaribi."

"Masaa gani?" akauliza Pulchérie.

"Nilifunga juu yako, Mama Iteka. Siku tatu, ile ya Esta. Nikikunywa sasa nitakuharibia mtihani yako."

Reza hakuelewa Kiswahili. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, mkononi ameshika simu tayari kuita gari la wagonjwa. Damu ilikuwa inamtoka Pulchérie kwenye goti na kulowesha suruali. Niliona uso wake ukibadilika mara tatu. Halafu akafungua chupa.

"Umeshaharibika, Mélissa," akasema taratibu. "Kunywa."

Mélissa akanywa, na machozi yanamtoka. Nikamletea maharage, akala na kijiko changu mbele yetu, na hakuna aliyemwangalia.

Reza alimvuta Pulchérie pembeni, lakini si mbali, nikasikia. Alimwambia kwamba anapanda vizuri, na kwamba kuanguka si kosa lake. Kisha akamwonyesha karatasi, mstari mmoja uliobaki mtupu. "Hukumwuliza kama amekula."

"Ni mtu mzima," akasema Pulchérie. "Nilimpa chakula mkononi."

"Nilikuona. Lakini hukumwuliza." Akasubiri kidogo. "Utakuwa na wanawake kumi huko juu, wote wanatoka mahali ulikotoka wewe. Kama wewe hutawauliza, nani atawauliza?"

Alimwambia arudi Mei mwaka ujao. Pulchérie akamwambia kazi haitamngoja mpaka Mei mwaka ujao. Reza akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, lakini alitia sahihi yake pale pale. Nilitaka kumpiga na sufuria. Hasira ile nilikuwa nayo mpaka tulipoingia barabara kuu, kwa sababu ilikuwa rahisi kumkasirikia yeye.

Mélissa alilala kiti cha nyuma, mdomo wazi kama mtoto. Pulchérie alikaa mbele na mimi, ameshikilia kopo la soda baridi juu ya goti. Magari yalikuwa mengi, tukawa tunakwenda na kusimama, tunakwenda na kusimama. Nilizungumza. Nilimwambia mwaka si mwingi, nilimwambia kuna mashirika mengine, nilimwambia yule Mwirani ana roho ya chuma. Tulipotoka kwenye barabara kuu na kusimama kwenye taa akaniuliza, akitazama mbele:

"Dada, ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa tayari, nimekwisha kuumeza nusu. Lakini alikuwa ameniuliza kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia alipokuwa mdogo, akitaka nimwambie kama mama amekufa.

"Tangu Alhamisi."

"Na jana nilikuuliza."

"Uliniuliza kama hajambo." Nikajisikia nilivyo mjinga hata kabla sijamaliza. "Pulchérie, ilikuwa siri ya mfungo. Siri ya mtu na Mungu wake. Ningeisemaje?"

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mtihani wangu uliupeleka kanisani, na nilikuomba usiupeleke," alisema. "Mume wangu alipoondoka, walijua kabla sijabadilisha kufuli. Mimba yangu ilipotoka, nilipewa pole na watu ambao sijui majina yao. Miaka yote hii hujawahi kunitunzia neno hata moja, Dada. Moja tu umeweza kulitunza, na ni hili."

Taa ikawa ya kijani, aliye nyuma yangu akapiga honi. Mimi huwa nina la kujibu, muulize mtu yeyote katika jengo letu. Nilikanyaga mafuta, nikaendesha gari mpaka nyumbani.